Kilimi, wanja na kitovu: namna ya kuipinga mila bila kumpoteza bibi

Aliyekishika kichwa cha mwanangu siku aliyokatwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ni mimi mwenyewe. Ulijue hilo kabla ya lolote nitakalokuelekeza hapa, usije ukadhani nazungumza kama mtu aliyesimama nje ya mlango na kuwahukumu walio ndani.

Ilikuwa mwaka 2006, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, chumbani kwa bibi yangu aliyenilea. Mtoto alikuwa na miezi minne na alikuwa amekohoa kwa wiki mbili. Bibi alimsogeza penye mwanga wa dirisha, akambonyeza kidevu, akatazama. "Kilimi kimeshuka," akasema. "Kinamgusa koo, ndiyo maana yuakohoa." Baada ya Magharibi fundi wa kukata vilimi akaja: mzee mpole, kanzu safi, akavua viatu mlangoni na kupiga bismillahi. Alikuwa na kijisu chenye ncha iliyopinda. Kazi yenyewe haikufika dakika mbili. Kufikia Isha damu ilikuwa bado inatoka, mtoto anaimeza na kuitapika, midomo imekuwa rangi ya majivu. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua kabla hata hajamtazama koo, akaniuliza amekohoa tangu lini. Mtoto alikuwa na nimonia. Kooni hakukuwa na ugonjwa wowote ila jeraha tulilomtia sisi. Tulilala wodini siku tisa.

Alipona, alhamdulillahi, na leo ni kijana anayenipita kimo. Bibi alikuja wodini kila siku ya zile tisa na chupa ya uji wangu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama kitukuu chake, asiseme neno. Alitangulia mbele ya haki bila mimi na yeye kuuzungumza usiku ule. Nampenda hadi leo. Yote ninayoandika hapa yanatokana na mambo hayo mawili kwa pamoja, damu ile na uji ule.

Sasa ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Kisauni, mmoja wa wale tuliokabidhiwa mikoba ya kazi mwaka 2023, na nyumba zipatazo mia moja ni zangu kuzitembelea. Swali ninaloulizwa sana na wasichana waliojifungua karibuni, wakati mama mkwe ameingia jikoni, ni hili: nipinge, au niwaache na mila zao?

Kabla ya kupinga, pima

Mila zetu za uzazi nazipenda, na nyingine nitazipigania. Arobaini, kwa mfano. Mzazi analala siku arobaini, hapiki, hafui, hachoti maji. Anapikiwa supu ya kuku na uji wenye pilipili manga, anapakwa mafuta na kukandwa mgongo, wanawake wanaingia na kutoka wakimbebea mtoto ili apate usingizi. Wako wanawake wanaorudi kazini na maziwa yanawatiririka kifuani; wangelipa fedha nyingi wapate wiki moja tu ya arobaini yetu. Akika siku ya saba, kuadhiniwa sikioni, leso mpya, uzi mweusi mkononi usiobana: sioni sababu ya kugombana na mtu kwa ajili ya hayo. Msichana anayetoka kliniki na kuanza kupinga kila kitu, pamoja na uzi mweusi, ataonekana mwenye kiburi, na siku ya jambo kubwa hakuna atakayemsikiliza.

Kwa hiyo chagua. Mimi hutumia swali moja: jambo hili likiharibika, nani ataumia, na je, huyo aliweza kukataa? Mzazi akichoka kulala ndani atasema. Bibi harusi akikerwa na hina atanawa. Mtoto wa miezi minne hawezi kusema hapana, na kilimi kikishakatwa hakirudi. Hapo ndipo ninaposimama.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinakataza mtu kumlazimisha mwenzake kufanya au kufanyiwa mila yoyote, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara. Mimi si mwanasheria, ila navisoma vyote vitatu kama maneno ya mzazi mmoja mwenye busara: nyumba ni yenu, lakini msimuumize mdogo.

Kuna wanaoamini kwamba kunyamaza ni heshima. Siku kumi kabla ya usiku ule nilikuwa nimempeleka mtoto kwenye zahanati moja, ambayo sitaitaja. Nikamwambia muuguzi kwamba nyumbani wanasema ni kilimi. Akaandika dawa ya maji ya kikohozi, akasema, "Hayo ya kwenu mimi siyaingilii." Nadhani aliona ananiheshimu, kwamba mimi ni Mswahili wa Mji wa Kale na yeye ni mgeni. Hakumvua mtoto shati amtazame kifua. Tangu hapo, neno "waacheni na mila zao" kwangu lina harufu ya wodi.

Na utaambiwa: mwacha mila ni mtumwa. Nimeambiwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mimi humjibu msemaji kwa habari ya shiraa. Zamani, Lamu na hapa Mombasa, mwanamke wa nyumba kubwa hakutembea nje ila ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililosimamishwa kwa vijiti, na waliolibeba walikuwa wajakazi. Utumwa ukafutwa kisheria hapa Pwani mwaka 1907. Shiraa likaisha, buibui likaja, na sijamsikia mzee yeyote akisema wanawake wa mji huu walivunjiwa heshima siku hiyo. Katika mila ile mtumwa alikuwa aliyebebeshwa, si aliyeiacha.

Jua mila inapigana na nini

Hapa ndipo wengi wetu tulioelimishwa kidogo huteleza. Tunaingia na neno "ujinga". Bibi yangu hakuwa mjinga. Alizika watoto wawili waliokufa kwa kukohoa, kabla ya chanjo kuenea. Kifaduro kilipoingia mtaani, mtoto alikohoa hadi akabadilika rangi, akatapika, na mama hakuwa na la kushika mkononi. Ukimfungua kinywa mtoto wa namna hiyo unaona koo jekundu na kilimi kimevimba, maana koo lote limechoka kwa kukohoa. Macho yanakuonyesha kilimi, basi unakilaumu kilimi.

Na kisu kilisifiwa kwa sababu inayoeleweka. Kikohozi cha mafua ya kawaida huchukua hata wiki mbili kwisha. Watu humwita fundi lini? Wiki ya pili, wakishachoka kungoja. Anakata, siku tatu baadaye kikohozi kinakwisha, nacho kilikuwa kinakwisha hata hivyo. Fundi anapata sifa. Waliokufa wakasemwa kuwa walicheleweshwa kukatwa. Ukimweleza bibi jambo hili polepole, ukianza na watoto wake aliowazika na si na makosa yake, utamwona anatulia na kuanza kufikiri. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Basi wangu yule hakuwa na kilimi, alikuwa na kifaduro." Tulilia pamoja.

Tafuta sababu ya namna hiyo kwa kila mila kabla hujafungua kinywa. Wanja machoni pa mtoto mchanga unapigana na kijicho cha watu. Majivu juu ya kitovu yanataka kukikausha. Kumwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, ni kwa sababu yanaonekana kama usaha. Asali ulimini ni kumkaribisha mtoto duniani kwa utamu. Hakuna hata moja iliyoanzishwa na mtu aliyemchukia mtoto.

Madhara yake yajue pia, na uyajue vizuri, maana ukibabaika tu umeshindwa. Wanja wa manga wa asili mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi. Mtoto hupangusa jicho, hutia mkono kinywani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Majivu, udongo au mate kitovuni huweza kuingiza vijidudu, wakiwemo wa pepopunda. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Asali kabla ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi akashindwa kunyonya na kupumua. Kilimi nimekueleza, kule Tanzania wanakiita kimeo, na wana pia habari ya meno ya nailoni, ambapo mtoto mwenye homa na kuhara huchokolewa ufizi. Ni kosa lile lile: ugonjwa uko kwingine, kisu kiko kinywani.

Nani aseme, na lini

Kwa mtoto wangu wa pili nilijua haya yote na nikaharibu kila kitu. Siku ya saba, nyumba imejaa wageni wa akika, nilimkuta mavyaa, yaani mama mkwe wangu, ameshika kijiti cha wanja juu ya jicho la mtoto. Nikapiga kelele. Mbele ya dada zake, mbele ya majirani, nikamwambia anataka kumuua mwanangu. Akaweka kijiti chini, akaingia ndani, na kwa miezi mitano alinisemesha kupitia kwa mume wangu. Mtoto hakupakwa wanja. Lakini mwaka uliofuata wifi yangu alijifungua, mtoto akakohoa, akakatwa kilimi kimyakimya Jumamosi nilipokuwa sokoni Kongowea, na wote wakaapa kunificha. Kelele zangu hazikuiondoa mila. Ziliihamishia chumba cha nyuma, mahali ambapo mimi siitwi.

Kwa hiyo, kuhusu wakati: anza tumbo likiwa la miezi mitano au sita. Mtoto akishazaliwa kila mtu ana hofu na hakuna anayesikia. Usiseme mbele ya wageni. Usiseme akiwa jikoni na jasho linamtoka. Baada ya Alasiri, kahawa ikiwa imemiminwa na mahamri yapo, mkiwa wawili au watatu.

Kuhusu msemaji: mara nyingi asiwe wewe. Hapa kwetu mke wa mtoto hamfundishi mavyaa habari ya kulea, hata akiwa ana shahada. Mwanawe wa kumzaa anaweza, lakini mfundishe mume wako maneno, maana wanaume wetu wengi huwasha moto kisha wakaenda barazani. Bora zaidi ni mtu wa rika lake. Katika nyumba yetu aliyefaa alikuwa dada mkubwa wa mavyaa, ambaye hakuogopa mtu. Nilikwenda kwake peke yangu kwanza, nikamsimulia mtoto wangu wa mwaka 2006 bila kuficha kwamba mimi ndiye niliyemshika. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Niachie mimi."

Mwingine ni imamu wa msikiti wa mtaani. Usimwendee na makaratasi ya shirika. Mwendee na swali la dini: mtoto asiye na ugonjwa wa kilimi kukatwa kilimi, yafaa? Wetu alijibu kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.), hakuna kudhuru wala kudhuriana, na akaongeza kwamba kilimi hakitajwi popote katika wajibu wa mzazi kwa mtoto. Alilisema pia baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume walirudi nalo nyumbani. Mimi ningelisema mwaka mzima lisingefika huko.

Na mchukue mavyaa kliniki. Usimwambie unampeleka akafundishwe. Mwambie unaogopa kwenda peke yako, na huenda ni kweli. Omba kwa upole muhudumiwe na muuguzi mtu mzima. Mavyaa wangu alitoka kule ameshika kijitabu cha kliniki kwapani kama chake, na tangu siku hiyo tarehe za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alizishika yeye. Nilimwambia kwamba ndani ya zile sindano imo kinga ya kifaduro. Hakuwa amejua. Alisimama pale pale kituoni, akaniuliza mara mbili: "Hichi hichi kifaduro?"

Kuhusu maneno yenyewe, usiseme "mila yenu". Sema "yetu". Usiseme "nyinyi mlikuwa mkiua watoto". Utajibiwa, "Sisi sote twalikatwa na hatukufa," na mazungumzo yamekwisha. Neno hilo wakilisema, usibishane nalo. Uliza kwa sauti ya chini: kuna asiyekuwepo hapa leo? Kisha nyamaza. Katika kila ukoo yupo.

Usimwachie mtu mikono mitupu

Mtu mzima aliyelea watoto tisa, ukimwambia acha hiki na kile bila kumpa cha kufanya, umemwambia hana kazi tena katika nyumba hiyo. Hapo ndipo watu wanapofanya kwa siri. Mila zote hizi zina mkono wa mtu anayetaka kusaidia. Upe mkono huo kazi.

Wanja: mavyaa alikubali kuuacha tulipokubaliana kwamba kinga ya kijicho iwe kisomo. Kila jioni anamsomea mtoto Ayatul Kursi, Falaq na Nas, anamshika kichwa. Mimi nimeona hiyo ni bora kuliko kijiti, na nalisema hili kwa moyo wote, maana mtoto anasikia sauti ya bibi yake kila siku.

Kitovu: tulimfanya yeye kuwa mlinzi wake. Kazi yake ni kuhakikisha nepi imekunjwa chini ya kitovu, kitovu hakiguswi na mikono isiyonawa, na hakipakwi chochote ila dawa ya klorheksidini ikiwa hospitali imeitoa. Alikuwa mkali kuliko muuguzi. Wageni waliokuja na mafuta yao walifukuzwa kwa adabu.

Udi na ubani: fukizeni nguo za mtoto, zipungeni upepo, kisha mvisheni. Mtoto mwenyewe asiwekwe juu ya moshi. Mzazi naye akandwe kwa maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, na kwenye mshono wasikande kabisa. Asali: hadithi za kumtia mtoto mchanga utamu ulimini zinataja tende, basi ikawa tende, tone dogo iliyolainishwa kwa kidole kilichonawa, asali ikasubiri mtoto atimize mwaka.

Kilimi ndicho kigumu, maana mtoto akikohoa usiku lazima mtu afanye kitu. Kwa hiyo nawafundisha mabibi kuhesabu pumzi, na hili nakuomba ulisome mara mbili.

Mtoto awe ametulia au amelala, hanyonyi, halii. Mpandishe shati uone tumbo na kifua. Weka saa au simu mbele yako. Kila kifua kinapopanda ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, ukifika 60 au zaidi hesabu tena. Ikiwa bado ni 60, nenda hospitali sasa hivi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Tazama pia sehemu ya chini ya kifua: ikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje hesabu. Vivyo hivyo akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hata haamki vizuri. Na kikohozi kinachopita wiki mbili kipelekwe kikachunguzwe hata kama mtoto anacheka.

Bibi anayejua kuhesabu hana haja ya kumfungua mtoto kinywa. Anajua kitu ambacho mama wa mtoto hajui, na heshima yake imebaki mahali pake.

Fundi naye ana riziki

Kuna mzee mmoja katika eneo langu aliyekuwa akikata. Wenzangu wa kazi walitaka tumwendee na chifu siku ya kwanza. Mimi niliomba nimwendee kwanza na mke wake mkubwa, niliyekuwa nimemsaidia kupata dawa za presha. Tulikaa kwake mara nne. Mara ya tatu ndipo aliposema lililokuwa moyoni: ile ndiyo pesa yake ya unga. Na babake alikuwa fundi, na babu yake. Sikuwa na pesa ya kumpa na sikumdanganya kwamba itatoka mahali. Nilichokuwa nacho ni kwamba watu bado wangemwendea kwanza, iwapo angekubali kuwa mtu wa kwanza kuhesabu pumzi na kuwaelekeza. Watu humpa kidogo kwa ajili hiyo, kama wampavyo mtu aliyewasomea dua. Si nyingi. Alikubali.

Kisha mwaka jana akakata tena, mtoto aliyeletwa kutoka ng'ambo ya Likoni, usiku. Nilipata habari asubuhi. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimekula kwake. Halafu nikampigia afisa wa watoto. Nakwambia hili kwa sababu utafika hapo na wewe, na utajiona msaliti. Kahawa na upole ni njia ya kumfikia mtu. Hazimpi mtu ruhusa ya kurudia. Leo mzee hanisalimii, mke wake bado ananisalimia, na hajakata tena.

Kisu kikishatoka

Yote niliyosema juu ya subira ni ya kabla. Ukifika ukakuta mtoto ameshikwa na kisu kimetolewa, sahau umri wa mtu, sahau kahawa. Mchukue mtoto, toka naye, panda tuktuk. Msamaha utauomba baadaye, nami nimeuomba kwa mavyaa kwa magoti, ukapokelewa.

Mila nyingine hazina hata hiyo subira ya mwanzo. Ukeketaji umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, na ndoa ya aliye chini ya miaka 18 imekatazwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Mwaka 2017 Dkt. Tatu Kamau alikwenda mahakamani akidai mwanamke mzima aachwe achague mwenyewe kukeketwa kama haki ya utamaduni wake. Machi 2021 Mahakama Kuu ikakataa. Nilifuatilia kesi ile kwa makini, maana hoja ya hiari ni nzito na ndiyo ninayoitumia mwenyewe. Lakini nimeona hiari za wasichana wetu zinavyotengenezwa, na shangazi wangapi hukaa chumbani wakati zinatengenezwa. Na huko Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya mvi zao. Kwa mambo ya namna hii usiende kunywa kahawa. Piga 116 kwa ajili ya mtoto, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, au mwone afisa wa watoto. Simu hizo ni za bure.

Ikiwa mtoto ameshakatwa kilimi, mpeleke hospitali usiku huo huo na useme ukweli mlangoni. Usiseme alianguka. Damu inayoendelea kutoka au kumezwa, homa, kukataa kunyonya, taya kukaza: vyote hivyo daktari anahitaji kujua vimetoka wapi. Mimi niliposema, muuguzi wa zamu alinikaripia mbele ya watu, na ilinichoma, lakini mtoto alitundikiwa damu saa hiyo hiyo. Ukaripiwe, mtoto apone.

Mwezi uliopita simu yangu ililia saa nane za usiku. Mavyaa. Siku hizi magoti yanamsumbua na hatoki, lakini kitukuu chake wa miezi saba amelala kwake, mama yake yuko zamu bandarini. Hakuanza kwa salamu, yeye asiyewahi kuacha salamu.

"Nimehesabu mara mbili," akasema. "Hamsini na nane. Na kifua chabonyea."

Nikamwambia nakuja.

"Usije huku," akasema. "Twende tukutane hospitali. Tuktuk iko mlangoni."